Siku Tuliyoichinja Karakana

Wanunuzi wa chuma chakavu wamenizoea. Wanapita hapa kwangu Butiama na ile pikipiki ya matairi matatu, spika inapiga kelele, na wakifika kwenye uzio wangu wa minyaa wanapunguza mwendo. Wanaiangalia fuawe yangu ya kufulia chuma. Imekaa uani juu ya gogo lake, chuma cheusi kizito, mgongo wake umeng'aa kwa kupigwa. Siku hizi kuku ndio wanaipanda. Wananiuliza kama bado sijaamua. Nawaambia nimeamua zamani, nyinyi ndio hamjasikia. Wanacheka, wanawasha pikipiki, wanaondoka. Wiki ijayo watarudi, maana chuma kizito kama kile kinamwasha mtu mikono.

Sikusoma mimi. Shule niliiacha njiani kwa sababu ng'ombe wa baba hawakuwa na mchungaji, na ng'ombe hawasubiri likizo. Kusoma na kuandika nilimalizia ukubwani, kwenye vibao vya maduka ya Bunda. Kwa hiyo asiyependa ninavyoandika asome gazeti. Nyumba ninayokaa nimeijenga kwa nyundo, watoto wangu nimewalisha kwa nyundo, na sijawahi kumpigia mtu magoti aniajiri zaidi ya yule wa kwanza.

Yule wa kwanza alikuwa mfanyabiashara mwenye karakana pale Bunda, mtaa wa nyuma. Tulitengeneza plau, mikokoteni ya ng'ombe, majembe, minyororo, na msimu wa pamba tulifanya kazi mpaka mgongo unasahau kunyooka. Hapo ndipo nilipokutana na mwenzangu. Alikuwa anatoka Kisorya, kule kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, mtu wa ziwani kabisa, na mimi mtu wa ng'ombe. Alinitania siku ya kwanza kwamba watu wa kwetu wakiona samaki wanatafuta pembe zake. Nikamwambia watu wa kwao wakipewa ndama wanamparua magamba. Tukawa ndugu hapo hapo.

Kazi ya kufua chuma inataka watu wawili. Mmoja anashika chuma kwa koleo na ana nyundo ndogo. Wa pili ana nyundo kubwa. Yule wa nyundo ndogo anagonga pale anapotaka papigwe, tii, na wa nyundo kubwa anapiga palepale. Hakuna kuongea. Nyundo ndogo inasema, kubwa inaitikia. Yeye alikuwa wa nyundo ndogo, mimi wa kubwa, na tulikaa hivyo mpaka tukazeeka. Watu wanasemaga mke na mume wanajuana. Mke wangu nilimpenda, Mungu amweke pema, lakini hakuna siku aligonga meza nikajua anataka nini.

Yule tajiri alipochoka na biashara akarudi kwao, akataka kuviuza vyombo. Wengine walishafunga mabegi yao. Mwenzangu ndiye aliyesema tusiondoke. Akasema kwetu mtu akiwa na shamba kubwa anaita risaga: anapika togwa, majirani wanakuja na majembe, shamba linaisha, kesho wanaenda kwa mwingine. Sasa kwa nini chuma kishindwe kulimwa kama shamba? Tukaongea na tajiri, akatuachia vyombo tuvilipie kwa kazi, na tulivilipia. Tukaenda Musoma kwa afisa wa ushirika, tukaandikishwa chama. Hakuna bosi. Wote wafanyakazi, wote wenyewe.

Sasa wenye shule zao watakuambia ushirika ni kitu cha kwenye vitabu. Mimi nakwambia ulikuwa hivi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla moto haujawashwa, tulikuwa tunasimama kuizunguka fuawe. Jambo linasemwa. Anayekubali anaweka chombo chake cha kazi juu ya fuawe. Anayekataa anabaki nacho mkononi, wote wanamwona, naye anasema kwa nini. Mwenye nyundo kubwa na mwenye tupa ndogo ni sawa. Mimi niliyekuwepo tangu mwanzo na aliyeingia mwaka jana ni sawa. Chombo kimoja, neno moja. Jambo likiisha tunavitoa vyombo, tunawasha moto, na aliyeshindwa anafanya kazi na aliyemshinda.

Kulikuwa na mama aliyetupikia ugali mchana, tangu enzi za tajiri. Tulipoandikisha chama, wengine wakasema mpishi si fundi, apewe mshahara wake basi. Mabishano yalichukua asubuhi nzima. Mwenzangu ndiye aliyesema mwisho.

"Sawa," akasema. "Leo saa saba tule bolti."

Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo, na mama yule akaingizwa chamani. Jumatatu iliyofuata alikuja na mwiko. Akauweka juu ya fuawe katikati ya nyundo, ule mti mweupe juu ya vyuma, na toka siku ile hakuna aliyethubutu kuuliza kama ni chombo cha kazi. Alikuwa na mdomo huyo. Alisemaga kura za wanaume anazijua kabla hazijapigwa, kwa namna wanavyorudisha sahani.

Tulipendana kwa sababu hizo. Mlinzi wetu wa kwanza alipokufa, tulifunga karakana tukaenda kumlimia mjane wake, mafundi wote na plau zetu, na tukaendelea kumlimia kila msimu. Watoto wake walisomeshwa na chama. Hakuna aliyeuliza sehemu ya marehemu iko wapi, maana sehemu yake ilikuwa inalimwa mbele ya macho. Katiba yetu ilisema hivyo: mwanachama akifa, chama kinabaki na vyombo na familia inabaki na chama. Tulifikiri tumemaliza.

Halafu mwenzangu akaanza kukohoa.

Alikaa hospitali Musoma muda mrefu. Nilikuwa naenda kumwona, nakaa pembeni ya kitanda, tunaangalia ziwa dirishani. Hatukuwa na cha kuongea kwa sababu hatukuzoea kuongea. Siku moja akatoa mkono kwenye shuka, akagonga chuma cha kitanda kwa kidole. Tii. Nikamwangalia.

"Msalaba wangu usinunue," akasema. "Unifulie."

Nikamwambia aache upuuzi, atapona. Akagonga tena. Tii. Ile ilikuwa amri, si ombi. Kwenye kazi nisingeuliza mara mbili. Nikagonga chuma cha kitanda kwa ngumi, nikamwitikia. Akafumba macho, ameridhika.

Tulimzika Kisorya, nyuma ya nyumba ya baba yake, upepo wa ziwa unapeperusha vitenge vya akina mama. Tuliweka msalaba wa mbao, wa muda. Kwao na kwetu kaburi linaachwa kwanza udongo ushuke, ndipo lijengewe na kuwekwa alama ya kudumu, watu wakikusanyika tena kwa ibada ya mwaka. Kwa hiyo sikuwa na haraka. Nilishachagua vyuma. Viwili, vya ekseli ya trela, chuma kizuri cha zamani. Niliviweka chini ya meza yangu nikasema nitavifua kiangazi, kazi zikipungua.

Matanga yalipokwisha, mwanawe mkubwa alikuja Bunda na baba yake mdogo. Kijana huyu ana duka la vipuri vya pikipiki Nyakato, mtu wa heshima, hanywi, analea wadogo zake. Nataka hilo lieleweke. Sikuandika haya kumchafua mtu. Alisimama mlangoni mwa karakana akaniamkia, nikamwitikia, nikampa kigoda.

"Baba mkubwa, sisi hatukuja na ugomvi," akasema. "Tunauliza tu. Kitu cha baba kiko wapi?"

"Hapa hapa."

"Kipi?"

"Chote hiki unachokiona."

Akaangalia. Mashine ya kuchomelea, genereta, mashine ya kutobolea, vaisi ya kubania chuma, feni ya kupulizia moto, mabati juu. Akauliza, "Na chetu sisi ni kipi?"

"Hakuna."

Baba yake mdogo akaguna. Kijana akasema taratibu, bila dharau, "Baba mkubwa, chote ni cha baba, na sisi hatuna chetu. Hiyo ni hesabu ya wapi?"

Nilimweleza. Nilimwambia njia iko wazi, achukue nyundo ya baba yake aje kazini, nitamfundisha mwenyewe, na Jumatatu ataiweka juu ya fuawe kama yeyote. Nilimwambia mama yake atalimiwa na wadogo zake watasomeshwa, kama tulivyofanya kwa mlinzi. Akacheka, lakini si kicheko cha kunidharau. Akasema yeye ana duka, ana watu wanamtegemea, ataanza leo kujifunza kushika koleo? Na mama yake analimiwa Kisorya na nani, plau itoke Bunda mpaka kule? Akasema baba yake alitoka nyumbani kijana akarudi maiti, maisha yake yote yamebaki kwenye kibanda hiki, na wao wanaambiwa watalimiwa. Baba mdogo akaongezea kwamba kwao mtu akifa, hata kama ameacha kuku mmoja, kuku anagawiwa.

Nilikuwa na majibu. Nayo bado ninayo. Lakini nilipogeuka nikaona wenzangu wameacha kazi. Wamesimama wanasikiliza, na hakuna aliyekuwa ananiangalia mimi. Walikuwa wanamwangalia yule kijana kama mtu anavyoangalia kioo.

Tangu siku ile karakana ilibadilika harufu. Watu waliongea wawili wawili. Mchomeleaji wetu, mtu mwenye watoto wengi na roho nzuri, alikuja kwangu wakati wa kula, akakaa na sahani yake.

"Mzee, mimi nikifa leo, mke wangu atapewa nini?"

Nikaanza kumwambia habari ya kulimiwa.

"Mke wangu hana shamba," akasema. "Tumepanga. Atapewa pole?"

Nilikaa na ile pole mdomoni kama mfupa. Zamani wote tulikuwa na mashamba, risaga ilikuwa na mahali pa kwenda. Hawa wa sasa wamepanga vyumba mjini. Ukimwambia mjane wa chumba cha kupanga kwamba tutakuja kukulimia, utalima nini, sakafu? Nililiona hilo. Nikasema basi tubadilishe, tuwe tunaweka fungu la wajane, tule kidogo. Mchomeleaji akasema ni wazo zuri lakini watu wameshaogopa, na mtu aliyeogopa hawekezi, anachota.

Tulimwita afisa wa ushirika kutoka Musoma. Akaja na shati lake limepigwa pasi, akatusikiliza vizuri. Alisema tusivunje. Alisema kama ni lazima, basi karakana iuzwe nzima kama ilivyo, kwa mtu mmoja, tugawane kitakachopatikana. Hapo ndipo watu walipowaka. Kumuuzia mtu mmoja? Turudi kuwa na tajiri, sisi tuliomtoa tajiri? Na nani atakayeshika hizo pesa, na tutajuaje hajazificha? Wakasema hapana. Kama ni kugawana, tugawane tunavyojua wenyewe, kwa macho, kama nyama.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Ng'ombe akichinjwa kwa jambo la ukoo, hakuna kugombana, kila kipande kina mtu wake. Kidari cha wazee. Shingo ya mjomba. Mguu una wake, ubavu una wake, matumbo yana wenyewe, na ngozi inajulikana inakwenda wapi. Hata aliyekosana na watu anapelekewa fungu lake. Ndiyo haki tuliyonyonya. Mtu akigawiwa hivyo anarudi nyumbani na moyo mweupe. Na sisi, wajinga wa haki, tukaona kitu kizuri namna hii hakiwezi kukosea mahali popote.

Jumatatu ikafika. Masika yalikuwa karibu, plau za wakulima zimejaa uani zinasubiri ndimi mpya, mawingu yamekaa upande wa ziwa. Moto haukuwashwa. Yule kijana wa Nyakato na baba yake mdogo walisimama nje ya mlango, maana hawakuwa wanachama, na walikuwa na adabu ya kutoingia. Tukaizunguka fuawe.

Nilisema. Si mtu wa maneno mimi lakini siku ile nilisema. Niliwaambia ng'ombe ukimchinja kila kipande kinapikwa, kinaliwa. Hii ukiichinja, hakuna kipande kitakachoiva. Genereta bila mashine ya kuchomelea ni kelele. Mashine bila genereta ni sanduku. Feni bila moto, moto bila fuawe, fuawe bila mtu wa pili. Niliwaambia mwenzangu ndiye aliyetukusanya, na sasa tunamtumia yeye kututawanya, na udongo wake haujashuka. Mmoja akalia. Nilidhani nimewapata.

Mchomeleaji akapiga hatua mbele akaweka koleo lake la kuchomelea juu ya fuawe. Aliliweka polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akafuata wa vaisi. Akafuata yule aliyelia, bado analia. Mlinzi wa sasa akaweka rungu. Vyombo vikajaa mpaka vikaanza kuteleza, na wakavipanga vizuri visianguke. Nilibaki na nyundo yangu mkononi. Nikatazama pembeni, mama mpishi ana mwiko wake ameukumbatia kifuani.

"Sema kwa nini, mama," mtu akamwambia, kwa utaratibu wetu.

"Mtakula wapi?" akasema.

Hakuna aliyecheka.

Basi, tulishindwa, mimi na yeye. Na hapa niseme kitu, maana wapo wanaonijia wakidhani nitawaunga mkono. Kuna mtu mmoja mwenye pesa aliniambia, unaona sasa, mzee, ndiyo matatizo ya kuwapa watu wote sauti, ungekuwa wewe bosi karakana ingekuwepo. Nilimwambia atoke uani kwangu. Ile kura ilikuwa halali. Niliilinda wakati inanipa, siwezi kuitukana kwa sababu imeninyima. Kama ningeishika karakana kwa nguvu, ningekuwa na vyuma tu na watumwa. Nilitaka wale watu. Na wale watu hawakutaka. Hilo halina dawa, na sijatafuta.

Tuligawana mchana uleule. Nimeona watu wanagawana urithi wakatoana damu. Sisi hata sauti haikupanda. Kila mtu alimwambia mwenzake chukua wewe, hapana, chukua wewe. Mchomeleaji alipewa mashine yake. Genereta, kwa kuwa ni kubwa na mchomeleaji ameshapata, ikaenda kwa mwingine, ili isionekane mmoja amependelewa. Mashine ya kutobolea ilikuwa inazungushwa na mota. Wakaona ni vitu viwili, wakaifungua mota, ikawa fungu la familia ya marehemu, na mashine yenyewe ikaenda kwa fundi wa Bunda. Feni ya moto ilichukuliwa na mmoja anayekaa njia ya Kisorya. Mabati yakashushwa, yakahesabiwa kila mtu yake. Mama mpishi akapewa sufuria, jiko na benchi. Fuawe wakanipa mimi. Walisema kidari cha mzee. Walisema kwa heshima, na waliibeba wenyewe mpaka kwenye gari, wanne, wanaugua chini yake.

Nyundo ndogo ya marehemu aliichukua mwanawe.

Nilipotoka nilitazama nyuma. Nguzo zimesimama hazina kitu juu. Wakulima wanafungua plau zao uani, kila mtu anatafuta yake, wanaulizana watazipeleka wapi, na mvua ikaanza kudondoka palepale tulipokuwa tunawashaga moto.

Yaliyofuata nilishayasema kabla, na sikufurahi kuwa sahihi. Mchomeleaji alitafuta genereta ya kukodi, akashindwa, mashine yake ikachakaa akaiuza kwa hawa hawa wa pikipiki ya matairi matatu. Siku hizi anafanya kibarua cha kuchomelea mageti kwa mtu, Musoma, kwa bosi. Mwenye genereta anapiga muziki kwenye harusi. Ile mashine ya kutobolea, mwenye nayo ananiambia wanawe wanaitundikia nguo. Sote tunaamkiana vizuri tukikutana. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake hata punje, ndiyo inayoniuma. Ningepata mwizi wa kumchukia ningelala.

Nilikwenda Nyakato mara moja kwa shughuli zangu, nikapita dukani kwa yule kijana. Alifurahi, akatuma nikaletewa soda. Upepo wa ziwa unaingiaga kwa nguvu mtaa ule, na mlango wake ulikuwa umezuiwa usijibamize. Umezuiwa na nyundo ndogo. Ule mpini ninaujua. Ulikuwa umelika upande mmoja kwa kidole gumba cha mwenzangu. Kijana akaona ninapoangalia, akaona aibu, akainama kuichukua.

"Baba mkubwa, chukua. Kwangu haina kazi."

Mkono wangu ulitaka. Lakini ni fungu lake. Iligawiwa mbele ya watu, na kama mimi ndiye nitakayeanza kuchukua mafungu ya watu, basi hata ile haki kidogo tuliyobaki nayo nitakuwa nimeimaliza. Nikamwambia akae nayo. Akairudisha mlangoni. Hata soda sikuimaliza.

Ibada ya mwaka ilipokaribia, nilivitoa vile vyuma viwili vya ekseli. Nilikuwa nimevibeba pamoja na fuawe siku ile ya kugawana. Nikamtumia salamu mama mpishi Bunda, akaja na basi la asubuhi, amebeba jiko lake na gunia la mkaa, na ungo wa kupepea. Alishazeeka naye. Alinikuta nimevaa aproni yangu ya ngozi akasema nafanana na bwana harusi aliyekimbiwa.

Msalaba ni vyuma viwili vinavyokubali kuwa kimoja. Sikutaka kuuchomelea kwa umeme, ule wa madukani. Nilitaka kuufua, kama alivyosema. Kwa kufua, chuma lazima kiive mpaka kiwe cheupe, kitoe jasho, halafu mnapiga haraka, watu wawili, kabla hakijabadili mawazo. Mama alipepea. Alipepea mpaka kitenge kikalowa mgongoni. Mimi nikapepea, yeye akapumzika, akapepea tena. Chuma kilikuwa chekundu kama pilipili iliyoiva, kikakataa kwenda mbele. Jiko la ugali ni jiko la ugali. Lile la kwetu lilikuwa na feni, na feni iko njia ya Kisorya.

Nikajaribu hivyo hivyo. Mama akashika koleo kwa mikono yote miwili, nikanyanyua nyundo kubwa. Nikasimama nayo juu. Nilikuwa nasubiri. Sijui nilisubiri muda gani, mpaka mama akaniambia, "Baba, piga, kinapoa." Nikapiga. Vyuma vikaruka kila kimoja upande wake, kimoja kikaangukia kwenye majani, kikaunguza. Tukarudia. Vikaachana. Tukarudia mpaka mkaa ukawa jivu.

"Tufunge na waya," akasema mama. "Mungu ataelewa."

"Sisi hatukufungaga vitu na waya."

Akaanza kuokota vipande vya mkaa vilivyobaki, kimoja kimoja, anaviweka kwenye gunia, na niliona mabega yake yanatikisika, nikageuka nikajifanya naangalia ng'ombe.

Kisorya nilikwenda mikono mitupu. Kaburi limejengwa vizuri, lina marumaru nyeupe kutoka Musoma, na msalaba wa zege juu, ulionunuliwa tayari. Ni mzuri. Kijana amemheshimu baba yake. Watu waliokuja walibeba mchele, mbuzi, mashada. Yule baba mdogo alikuwa anapokea wageni kwenye uzio, akaniuliza kwa desturi tu, bila ubaya, nimekuja na nini.

Nikamwambia nimekuja mwenyewe.

Wakati wa sala nilisogea kaburini, nikainama kama mtu anayeweka ua. Niligonga ile marumaru kwa ngumi, mara moja, taratibu, kama nilivyogonga kitanda. Halafu nikabaki nimeinama, watu wakadhani naomba.

Chuma kile kirefu nimekichimbia uani, ndama anafungwa hapo, maana chuma kimoja peke yake ni kigingi. Kifupi kiko juu ya fuawe. Juzi wale vijana wa pikipiki walipita, mmoja akakiona, akauliza kama hicho angalau kinauzwa. Nikamwambia asinisumbue. Akauliza sasa kinasubiri nini pale. Nikaingia ndani, kuku wakaendelea kukikanyaga.